Kanga Safi

Elieth alimpokea mtoto wa mdogo wake, akamlaza mapajani, kisha akachukua pembe ya kanga yake na kumfuta tundu za pua. Akaitazama kanga kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa safi. Akamfuta tena, taratibu, akaitazama tena.

"Dada, unatafuta nini?" mdogo wake akauliza.

Asubuhi hiyo mdogo wake alikuwa anahama kijiji chao cha Busunzu. Mumewe alikuwa amepata kazi bandarini, kwenye mji uleule alikotoka Elieth mwaka jana, akarudi mikono mitupu.

"Weusi," Elieth alisema. "Wangu nilikuwa namfuta kila nikiamka, kanga inatoka nyeusi. Makaa ya mawe yalikuwa yanamwagwa nyuma ya ukuta wetu. Meli zinatoa moshi, malori yanatoa moshi. Ukifunga dirisha, vumbi linapita chini ya mlango."

"Si ulituambia ni malaria iliyomuua?"

Mtoto akapiga chafya ndogo. Elieth akashtuka mwili mzima.

"Malaria mama anaijua," alisema. "Hiki kingine ningemweleza vipi?"

Mdogo wake alisimama. Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akakaza kanga kuliko kawaida.

Nje, pikipiki ya kuwapeleka stendi ilikuwa inanguruma, sanduku limeshafungwa nyuma. Mumewe akamwita. Akamwita tena.

Mdogo wake akaenda hadi mlangoni, akamtazama mumewe, kisha akaufunga mlango kwa ndani.