Mwizi Anayengojewa

Mpiga pasi alikuwa anaomba aibiwe. Ndiyo, umesikia vizuri. Aliilaza simu yake juu ya meza ya kupigia pasi, kioo kikitazama juu, na wenzake watano wakaizunguka.

"Subirini tu," aliwaambia. "Watachukua. Haki ya Mungu watachukua."

"Si tunasubiri," akajibu Mama Povu, mikono kiunoni. Huyo ndiye mwenyekiti wa kikundi, na jina lile hakulipata kwa sababu ya sabuni peke yake.

Wanawake hao sita walikuwa wakifua mashuka ya mahoteli kwa mikono mpaka vidole vikachanika. Walikuwa wanachanga wanunue mashine. Benki iliwachosha kwa makato, wakahamishia hela zao kwenye sarafu za mtandaoni. Mkoba wa sarafu hizo hufunguliwa kwa maneno kumi na mawili, na mwenye maneno ndiye mwenye mkoba. Sasa nani akabidhiwe yote? Hawakuaminiana, na hawakufichana hilo. Wakagawana, kila mtu maneno yake mawili kichwani, hata mume asiambiwe.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka simu ya kikundi ilipotumbukia kwenye karai la dawa ya madoa. Wifi yake mpiga pasi, mke wa kaka yake, ndiye mweka hazina. Akawatuliza: maneno yakikutana kwenye simu yoyote, hela zinaonekana tena. Mpiga pasi alikuwa na simu nzuri kuliko wote. Akatafuta mtandaoni, akapata ukurasa: "Fufua mkoba wako hapa. Bure na salama."

Jamani, walivyojihadhari siku ile! Kila mmoja alijifunika shuka gubigubi, yeye na simu, akaandika maneno yake mawili, huku wengine wamegeukia ukutani. Mama Povu aliziba hata kioo cha dirisha kwa taulo, mtu asije akachungulia kivuli. Walichungana sita kwa sita. Ukurasa wenyewe ni wa nani, hakuna aliyeuliza.

Mkoba ukafunguka. Wakaziona hela zao, wakashangilia, wakakumbatiana. Walipotazama tena, ilikuwa imebaki sifuri.

"Simu ni ya nani?" Mama Povu aliuliza, na swali hilo likawa hukumu.

Walikwenda kwa fundi simu. Aliwaonyesha hela zao zimelala kwenye mkoba wa mtu asiyejulikana. Kila mtu anaweza kuziona, hakuna anayeweza kuzigusa. "Wezi hawa hawazitoi moja kwa moja," aliwaambia. "Huzipitisha kwanza kwa mtu wao. Vizieni, mtamjua."

Tangu hapo hakuna aliyemsemesha mpiga pasi kazini. Kilichomuuma zaidi ni wifi yake, aliyemshika mkono siku anajifungua mwanawe wa kwanza. Sasa alikuwa akimpita mlangoni kama hamjui. Na asubuhi ya leo walikuwa wamekubaliana: kesho wanakwenda polisi na jina lake.

Ndipo alipopata wazo hili. Alikuwa na mkoba wake mwenyewe, akiba ndogo ya kuungaunga. Angeufungua kwenye ukurasa uleule, mbele ya macho yao. Akiibiwa, itajulikana kwamba mwizi ni ukurasa, yeye hana hatia. Mchana huo aliyaandika maneno yake yote kumi na mawili, wote wakimwangalia.

Lakini sasa jua lilikuwa linazama, na hela zilikuwa palepale.

"Mwizi wako ana adabu sana," Mama Povu akasema. "Ameona ni zako, ameziheshimu."

Mmoja akacheka. Mpiga pasi aliinamia meza. Akaifuta simu kwa upindo wa aproni, kana kwamba vumbi ndilo lililomzuia mwizi. "Labda wameona ni kidogo," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu. Alikuwa hana tena la kufanya. Hata kulia aliogopa, wasije wakasema ni maigizo.

Wifi yake akamsogelea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Wifi, kama ni wewe, sema tu. Tutayamaliza nyumbani."

"Si mimi, wifi. Naapa kwa wanangu."

"Basi tungoje kidogo."

Neno hilo dogo lilimpa pumzi. Wakangoja. Wengine wakaanza kukunja mashuka yao ya mwisho, wakitupa jicho mezani kila wanapopita.

Simu ikalia. Kabla mtu hajafika, ikalia tena.

Mpiga pasi aliiwahi. Akatazama. Sifuri.

"Nimeibiwa!" akapiga kelele. "Njooni mwone! Nimeibiwa, jamani, nimeibiwa yote!" Akawa anaruka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Akamrukia wifi yake shingoni, machozi yakimtiririka, na wifi yake akamkumbatia kwa nguvu, akilia naye. "Nisamehe, wifi yangu. Nisamehe mie."

Hata yule aliyecheka alikuja kumpapasa mgongo.

Mama Povu pekee ndiye aliyeokota simu. Alipenda kuhakikisha mambo. Akabonyeza paonyeshapo hela zilizoingia na kutoka, akasoma, akaisogeza karibu na macho, akasoma upya.

"Kabla hazijatoka za kwako," alisema taratibu, "kuna nyingine ziliingia, zikatoka nazo."

Akawageuzia wote kioo wajionee.

"Ni zetu zote za mashine. Zimepitia kwako."