Mwenye Kosa

Kila filamu ya kigeni ilipokwisha, watu wa ukumbi ule mdogo hawakuondoka mpaka Tunu ashike kipaza sauti, aichambue, na aseme mwenye kosa alikuwa nani. Za mambo ya familia ndizo walizozipenda zaidi, maana kila mtu alikuwa na lake la kubishania.

Leo ilikuwa ya binti wa nchi ya theluji aliyehama kwao bila kumuaga mama yake. Taa zilipowashwa, Tunu alimwona mama yake mzazi kwenye benchi la nyuma, mkoba umewekwa kando yake. Hawakuwa wamesemezana tangu matanga ya baba. Akakiinua kipaza sauti, kisha akakishusha.

"Mchambuzi, leo betri imekwisha?" akauliza Bi Mwanahawa, muuza karanga. "Mwenye kosa mama au binti?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Tunu aliogopa kwamba akimlaumu mama wa kwenye filamu, huyu wa nyuma angeinuka asirudi tena.

Bi Mwanahawa akageuka, akaona Tunu anakotazama, akaelewa. Akamletea kikombe cha maji. "Kunywa kwanza, mwanangu. Hatuna haraka."

Tunu akanywa. "Binti alikuwa anarudi," akasema. "Kila alipofika mlangoni, aliogopa kwamba hatafunguliwa."

"Hilo halikuwamo kwenye filamu," mtu akalalamika.

Kule nyuma, mama aliuondoa mkoba kwenye benchi, akaupakata. Tunu hakujua kama anataka kuondoka, au anamwachia nafasi ya kukaa.