Mhanga na Lundo la Kifusi

Katika uchimbaji, Mhanga hakuwa na mpinzani. Alifukua dhahabu mlimani, na kifusi chote akakilundika ukingoni mwa bonde, tope juu ya mchanga, mchanga juu ya tope, mpaka lundo likampita twiga. Kisha akawa anakaa kileleni ili aonekane.

Bi Chura, aliyeishi bondeni kando ya mto na wanawe kumi na wanane, akapanda kumwona.

"Bwana Mhanga, lundo lako linavuja maji kule chini. Litandaze, ulichimbie na mfereji."

"Halivuji, linatoka jasho," akajibu Mhanga. "Tangu lini chura akamfundisha mchimbaji habari za udongo?"

"Udongo siujui, baba. Maji ndiyo nayajua."

Mhanga akacheka hadi masikio yakatikisika. Bi Chura akarudi, akawabeba wanawe mgongoni mmoja mmoja, akawahamishia mwambani ng'ambo ya mto.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu Mhanga, akiwa kileleni, alihisi makalio yanasonga mbele ilhali yeye hajainuka. Kufumba na kufumbua, lundo zima likaporomoka naye juu, likafukia nyumba ya Bi Chura, likatulia bondeni. Mhanga alizama hadi shingoni.

"Bwana Mhanga!" Bi Chura akaita kutoka mwambani. "Kulikoni?"

Aibu ilimshika Mhanga, lakini kiburi kikamwahi. Akatema tope.

"Nimeshuka kukagua msingi."

"Basi usihangaike kuutafuta," akasema Bi Chura. "Umekuja nao."