Ndama wa Palahala

Siku hizo ng'ombe wa nyumbani ndio waliozaa palahala, wale swala wakubwa wenye pembe ndefu, waliobadilishwa jeni maabarani wakiwa viinitete ili kundi la msituni lipate tena damu mchanganyiko. Sheria moja tu: ndama asimzoee mtu. Akizoea harudi msituni, anachomwa sindano ya kufa.

Nyamvula alijua. Lakini ng'ombe wao alimkataa ndama, naye akawa anachovya vidole kwenye maziwa, anamnyonyesha kwa siri.

Siku hiyo afisa wa wanyamapori kaja kumpima ndama kama anaogopa watu, kapiga makofi uani. Ndama akakurupuka, akapotelea nyuma ya zizi.

"Ndama mwoga kama babako, Nyamvula!" mama akacheka.

"Huyu anafaa," afisa akasema, akielekea kwenye lori.

Nyamvula alificha mikono mgongoni. Mara ulimi wa joto ukapenya katikati ya vidole vyake, na afisa ndiyo kwanza anageuka kuwaaga.