Lisbon au Helsinki

"Narudia swali langu," Generosa alisema kwenye simu. "Huko Lisbon, mwezi wa kumi na mbili, jua linazama saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na robo jioni, mama," alijibu Davis, wakala wa safari wa Mwanza. Walikuwa wanazungumza kwa simu tu, hawajawahi kuonana. "Tena linawaka vizuri. Wazungu wa kaskazini baridi ikiwazidi hukimbilia huko. Utatembea ufukweni kama uko Dar."

"Na Helsinki?"

Davis alicheka. "Helsinki ni giza, mama. Jua linatoka saa tatu na dakika ishirini asubuhi, saa tisa na robo limeshazama. Hata hiyo saa sita mchana linachungulia tu juu ya mapaa, tena siku ikiwa haina mawingu. Nani anapanda ndege kufuata giza? Ila nipe jibu leo, maana ombi la viza linakwenda nchi moja."

"Nitakupigia," Generosa alisema.

Kaka yake, Bujiku, alikuwa amekaa mlangoni mwa ofisi, kiti amekigeuzia barabarani kama kawaida yake. Ofisi hiyo, mjini Kahama, ilikuwa ya Generosa, na mashine za kukoboa mpunga zilizokuwa zikinguruma nyuma ya ukuta zilikuwa zake pia. Alianza na moja ya dizeli iliyochakaa. Sasa majiko ya migodini, kuanzia Kahama mpaka Geita, yalipika mchele wake. Hata hivyo, kila asubuhi Bujiku alimfuata nyumbani kwa pikipiki, na kila jioni akamrudisha.

"Unaenda na nani?" Bujiku aliuliza bila kugeuka.

"Peke yangu."

"Wewe hujawahi kufika hata Ngokolo kwa shangazi peke yako."

"Nani alinizuia?"

"Nilikuzuia mimi. Na sijutii."

Wanawake wanaopepeta mchele uani walikuwa wamechekelea habari ya safari hiyo wiki nzima. Msukuma na theluji wapi na wapi! Kama ni lazima Ulaya, walisema, basi bosi aende huko Lisbon kwenye jua, apige picha za kueleweka. Serafina, mkubwa wao, aliapa kwamba bosi wao angerudi ameganda kama samaki wa kwenye friji. Generosa aliwasikia dirishani, akawaacha wacheke.

"Sikiliza, mayu," Bujiku alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, safari hii amegeuka. "Kama umechoka, pumzika. Nitakupeleka Mwanza, tukae siku tatu hotelini, tule sato, turudi. Huko Ulaya nani atakulinda?"

"Huko sihitaji kulindwa."

"Unajua unachosema? Ule mwaka mbaya nililala mlangoni pako na panga, miezi minne. Umesahau?"

"Sijasahau, kaka. Mpaka nakufa sitasahau." Generosa alisimama, mikono ameiegemeza mezani. "Lakini nina miaka hamsini na miwili. Mama alinifungia ndani, akafa. Baba akanifungia, naye akafa. Sasa ni zamu yako. Mimi nitatoka lini?"

"Watu watasema umechanganyikiwa."

"Waseme. Wamewahi kuacha kusema?"

Generosa aliisogeza simu karibu kabisa na macho, akatafuta jina la Davis, akabonyeza.

"Andika Helsinki."

"Mama, nakushauri kama mtoto wako. Lisbon..."

"Baba, umenishauri, nimesikia. Mimi nataka mji wenye jua dogo kuliko yote uliyonayo. Andika Helsinki."

Bujiku aligoma kuzungumza naye majuma matatu. Aliendelea kumfuata asubuhi na kumrudisha jioni, kimya, akiongea na pikipiki tu pale ilipokataa kuwaka. Hata siku ya safari, uwanja wa ndege Mwanza, alibeba sanduku mpaka pale askari walipomzuia, akasimama pale kama aliyesahau njia ya kurudi.

"Ukifika unipigie," alisema hatimaye.

Generosa alipiga siku ya pili, akiwa Helsinki.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Barabarani."

"Huko ni saa ngapi?"

"Saa sita. Saa sita mchana."

"Umejifunika?" Sauti ya Bujiku ilipanda.

"Nimevaa koti zito. Kichwa nimekiacha wazi."

"Na uso?"

"Wazi."

"Kuna watu hapo?"

"Wengi, kaka. Wamejaa njia nzima."

"Wanafanya nini?"

Generosa alitazama. Mzee mmoja alikuwa anavuta mbwa. Wasichana wawili walikuwa wanagombania mkate, mmoja akamgonga Generosa begani, akatamka neno ambalo bila shaka lilikuwa la kuomba radhi, akaenda zake.

"Wanapita," alisema.

"Wanapita tu?"

"Wanapita tu."

Kisha, kutoka Kahama, alimsikia kaka yake akipenga kamasi.

"Basi tembea," Bujiku alisema. "Tembea, mayu."

Generosa aliitia simu mfukoni, akaendelea na njia yake mchana kweupe, bila kofia wala mlinzi, mtoto pekee mwenye ualbino katika uzao wa mama yao.