Kiti cha Salha

Sehemu ya pili ya kitabu cha joka ilipofika mjini, foleni ya wasichana ilitoka dukani ikazunguka hadi nyuma ya msikiti. Katikati yao alisimama Mbaruku, fundi viatu, mtu mzima pekee kwenye foleni. Wasichana walikuwa wakibishana kama joka lilikufa au halikufa.

"Baba, wewe unaonaje?" aliuliza Asnati, aliyekuwa mbele yake.

"Mimi sijakisoma. Mwanangu Salha ndiye anayesema halikufa. Anasema joka likitaka kufa hufunga mabawa, na lile lilianguka mabawa wazi."

Wasichana wakacheka kwa furaha. Hakuna kati yao aliyekuwa ameligundua hilo.

"Mlete Jumamosi," Asnati akasema. "Tunasoma pamoja pale barazani kwetu. Tunamtaka."

Mbaruku alifungua kinywa awaambie kwamba Salha alizikwa kabla ya masika. Lakini nyuso zile zilikuwa zimemfurahia mwanawe, na tangu msiba hakuna aliyemtaja ila kwa kumwombea rehema.

"Nitamwambia," akasema.

Jumamosi alikwenda peke yake, amekumbatia kitabu, ameazimia kusema ukweli. Aliwakuta wameketi duara, vitabu vyao havijafunguliwa, wanasubiri. Baina yao walikuwa wameacha kiti kimoja, wamekitandika kanga.

"Salha yuko nyuma?" Asnati aliuliza, akichungulia juu ya bega lake.

Mbaruku naye akageuka, akaitazama njia.