Sifa za Tabasamu

Maua yalikuwa yamehamishwa tena. Mama Funguo aliyaacha jana pembeni mwa meza ya mapokezi, mahali pake pa miaka yote. Leo yalikuwa karibu na mlango, na wageni wawili walikuwa wameinama wakiyanusa.

"Nani kayatoa hapa?" aliuliza, ingawa alijua.

Ni Tabasamu. Jina hilo alipewa na wageni, si wafanyakazi wenzake, na hilo peke yake lilitosha kumkera. Mama Funguo aliingia hoteli ile akiwa msichana. Alifua mashuka, akatandika vitanda, akabeba masinia, mpaka akakabidhiwa mapokezi na funguo za nyumba nzima. Ngazi ile aliipanda kwa magoti. Tabasamu alikuja juzi tu, akafundishwa kazi na yeye mwenyewe Mama Funguo, na sasa alikuwa anaipanda huku anacheka. Mgeni akirudi baada ya mwaka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama yule binti bado yupo. Mama Funguo hujibu kwamba yupo, huku akimpa ufunguo kama anayeng'olewa jino.

Meneja alikuwa anakaribia kustaafu. Kila Tabasamu alipoitwa ofisini, hata kama ni kupeleka chai, Mama Funguo aliacha kazi akaukodolea macho mlango.

Wiki hiyo alifika mgeni mmoja, mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Hakwenda kutembea mjini. Alizunguka humo humo ndani. Alimuuliza dobi mashine zake ni za lini, akamuuliza mpishi paa la jiko linavuja upande gani. Jioni alikaa na Tabasamu ukumbini, wakazungumza kwa sauti ya chini, na mara moja wakageuka wote wawili wakamtazama Mama Funguo.

Alipofika nyumbani alimwambia mumewe kwamba yule mtoto anamsengenya kwa wageni. Mumewe, aliyeuzoea wimbo huo, alimjibu kwamba kijicho si kitoweo, ale kwanza.

Kesho yake mpishi alileta habari aliyoipata kwa dereva wa teksi. Yule mama, alisema, anaitafutia hoteli mpya kubwa wafanyakazi, anachukua wale bora, na mshahara ni mara mbili.

Kwanza Mama Funguo aliona giza. Hata huko atangulie Tabasamu? Halafu wazo likageuka lenyewe, taratibu, kama shuka linalopinduliwa. Tabasamu akiondoka, kiti cha meneja kitabaki na mtu mmoja tu wa kukikalia. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawakusema kwamba anaweza kukusifu.

Alimpelekea mgeni chai kwa mkono wake mwenyewe. Mgeni alimkaribisha kiti, akamuuliza bila kuzunguka: kama angetaka mtu wa kuishika hoteli nzima, amchukue nani?

"Tabasamu," alisema Mama Funguo.

Jina lilimtoka kwa shida. Yaliyofuata yalimiminika. Alieleza jinsi binti yule alivyowatuliza watu wa harusi maji yalipokatika. Akaeleza anavyokumbuka mgeni gani hapati usingizi, na anavyompangia chumba cha mbali na jenereta kabla hajaomba. Alikusudia kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini alishangaa kuona hana haja ya kubuni chochote. Yote aliyomwonea wivu yalikuwa tayari kichwani, yamekunjwa vizuri, moja juu ya jingine.

"Na wewe je?" mgeni aliuliza. "Hii kazi umeizeekea. Hutaki kitu kikubwa zaidi?"

Mama Funguo aliona hatari. Akionekana anafaa, atachukuliwa yeye, na Tabasamu abaki arithi nyumba. Akajishika goti, akaguna. Alisema nguvu zimekwisha, kichwa hakibebi tena mambo mazito, na anachoomba ni kumalizia siku zake pale pale mapokezi.

"Una hakika, dada?"

"Hakika kabisa, mama. Mimi ni mtu wa funguo tu."

Mgeni alishukuru kwa unyonge. Mama Funguo alidhani chai ilikuwa imepoa.

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Alimwita Tabasamu mwanangu, akampokea masinia, akamwambia kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, asiogope kuona dunia. Binti alimsikiliza kwa mshangao.

Siku mgeni alipotarajiwa kuondoka, mzee mwenye hoteli aliwakusanya wafanyakazi wote ukumbini. Alisema umri umemtupa mkono, na nyumba ameiuza. Mmiliki mpya alikuwa ameomba kukaa kwanza kama mgeni, ili aijue. Akamshika mkono yule mama wa makamo, akamsimamisha mbele. Naye akatangaza kwamba meneja wa hoteli, kuanzia siku ile, ni Tabasamu.

Watu walipiga makofi. Mama Funguo naye alipiga. Mikono ilikuwa inapiga yenyewe.

Waliposambaa, mmiliki mpya alimfuata, akamvuta kando.

"Mimi nilikutaka wewe," alisema. "Nilikuuliza mara mbili."

Mama Funguo alimsogelea. Alitaka kujua ni nani aliyempendekeza yeye kwa umeneja.

"Huyo huyo binti. Nilimpa umeneja tangu jioni ile ya kwanza, akaukataa. Alisema hawezi kukaa juu ya mama aliyemfundisha kazi, akanitajia wewe. Amekubali jana tu, nilipomwambia ni wewe uliyemwombea."